Mshipi na Bangili kwenye Picha ya Mgongo

Kama umeambiwa uende kupigwa picha ya mgongo, vua mshipi. Vua suruali pia. Vua kila kitu wanakuambia uvue, hata kama nje ya mlango ameketi mtu ambaye hafai kukuona. Hiyo ndiyo akili yangu yote na ungeweza kuacha kusoma hapa. Lakini najua uko kwa benchi unangoja kuitwa, na benchi ya hospitali haina haraka, kwa hivyo wacha nikuambie yangu.

Naitwa Marwa. Nyumbani ni upande wa Kehancha, kwa wakulima wa tumbaku. Shule nilifika kidato cha pili nikatoka, na sijasikia kwamba shule ilinitafuta. Kazi yangu ilikuwa kukausha tumbaku na kubeba marobota. Watu walisema Marwa ana mgongo kama ya ng'ombe wa kulima. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kuliko wao.

Mke wangu Akinyi ni Mjaluo wa Sori, huko chini kwa ziwa. Nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu Kikuria kilimshinda yeye, Kijaluo kikanishinda mimi, na Kiswahili kikatushinda wote wawili sawasawa, kwa hivyo hakuna mwenye alipata faida. Mama yake anauza omena, wale dagaa wa ziwa. Kwa watu wake, na hata kwa watu wangu, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hampeani mkono. Hamkai karibu. Akikuona kifua wazi ni aibu. Akikuona zaidi ya hapo, wazee wanaitwa, na mbuzi fulani ajiandae. Shika hiyo, kwa sababu ndiyo ilikaa katikati ya ugonjwa wangu kama vile mshipi ulikaa katikati ya picha.

Maumivu ilianza wakati wa kuhamisha miche ya tumbaku, mvua zile za mwaka elfu moja mia tisa tisini na kitu. Ilikuwa kiunoni, juu kidogo ya pale mshipi unakaa. Jioni najifunika blanketi natetemeka, asubuhi shuka imelowa jasho. Nikapungua. Suruali ikaanza kunishuka, ndiyo nikanunua huo mshipi, wenye chuma kubwa mbele yenye kichwa cha simba. Niliupenda sana. Nilikuwa nimekonda lakini simba alikuwa na afya.

Ndugu yangu Chacha akanipeleka hospitali huko Migori. Daktari akaandika picha ya mgongo. Tukaketi kwa foleni ya eksirei, Chacha akaenda kutafuta maji ya kunywa, na nani anatokea kwa korido na kapu lake la omena? Mama mkwe. Alikuwa amekuja soko, akasikia mkwe wake anaumwa, na adabu ikamleta. Akanisalimia kwa mbali akiangalia ukuta, akaketi kwa benchi ile ya mbele, uso kwa mlango wa eksirei. Hakukuwa na benchi nyingine. Na mlango wenyewe haukuwa mlango, ilikuwa pazia, fupi, lenye linaishia magotini.

Ndani nikapewa gauni ya hospitali, zile za kufungwa nyuma na kamba, na kamba moja haikuwako. Bwana wa mashine akasema nivue kila kitu, nivae hiyo, nilale chali. Kisha akaingia chumba cha giza. Nikaangalia pazia. Chini yake niliona viatu vya mama mkwe, vya plastiki, vimenielekea. Nikavaa gauni juu ya suruali. Nikavuta suruali juu, juu kabisa, kwa heshima, mpaka simba akapita kitovu. Nikalala.

Yule bwana alirudi, akaona gauni, akajua nimetii. Foleni ilikuwa ndefu. Akaniambia nisipumue, mashine ikalia, basi.

Mimi nilidhani picha ni picha. Nilidhani inachukua juu, kama ile ya studio, sasa kama nimefunika vizuri itajua yenyewe pa kuangalia. Nilikuwa hata nimechana nywele.

Daktari aliinua ile filamu kwa dirisha. Kisha akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akaniambia mifupa ya juu anaiona iko sawa na ya chini iko sawa, lakini pale katikati nimemletea simba. Nirudi wiki ingine nipigwe tena, bila mshipi. Nami nilipofika nyumbani nikaulizwa picha imesema nini, nikasema mifupa iko sawa. Si nilisikia neno hilo mara mbili? Akinyi akafurahi. Alikuwa na mimba ya pili, alihitaji habari nzuri. Chacha akafurahi. Wiki ingine majani yalikuwa tayari kuvunwa, na mtu mwenye mifupa iko sawa haendi hospitali wakati wa mavuno.

Sasa miguu.

Kitu cha kwanza ilikuwa kandambili. Nilitembea kutoka shambani mpaka nyumbani, nikafika, Boke binti yangu akaniuliza ingine iko wapi. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu na una matope. Sikujua imebaki wapi. Tukacheka. Nilisema mguu umeamua kuokoka, umeacha mambo ya dunia.

Kitu cha pili, nilikuwa nachochea moto kwa nyumba ya kukaushia tumbaku. Nikasikia harufu ya nyama. Nikamuuliza Chacha nani anachoma nyama hapa na hatuitwi. Chacha akaangalia chini, akaniruka akanisukuma. Kaa lilikuwa limeanguka juu ya mguu wangu na mguu ulikuwa unaiva. Sikusikia kitu. Hapo mzaha uliisha kwa Chacha. Kwangu haukuisha, lakini ulianza kutoka mdomoni peke yake, kama redio yenye mtu amesahau kuizima.

Mvua fupi zilipokuja sikuwa nasimama. Kutoka kiunoni kwenda chini nilikuwa gunia. Miguu zangu zilikuwa zinaruka zenyewe mchana, paa, kama kuku amechinjwa, na mimi naangalia tu kama jirani. Haja ndogo ilikuja bila kubisha. Watu waliokuwa wanakuja kunisalimia walianza kukaa karibu na mlango, halafu nje ya mlango, halafu kwao. Unajua miaka hiyo mtu akikonda ilikuwa inasemwa nini. Baba yangu akasema hii inatoka kwa ukoo wa mke. Watu wa Sori, nikaambiwa, wakasema inatoka kwa ukoo wetu sisi na viapo vyetu. Akinyi alikuwa ananigeuza asubuhi na jioni na tumbo lake limejaa. Nilipaswa kuogopa. Nilijitafutia woga, sikuupata. Nilikuwa nimekufa ganzi mpaka ndani, si miguu peke yake.

Mwenye alikata maneno ni mama mkwe. Dada yake anakaa Homa Bay mjini, karibu na hospitali. Akatuma ujumbe: kijana aletwe huko. Chacha angekuja, lakini nyumba ya tumbaku ilikuwa imewashwa na moto ule haulali. Nikapandishwa kwa pikapu juu ya godoro. Akinyi mbele, mama mkwe nyuma na mimi, amenipa mgongo njia yote, ameshika upande mmoja wa godoro lisiteleze. Hatukusema kitu. Adabu.

Daktari wa Homa Bay alinichoma na pini kutoka kidole cha mguu akipanda. Nilisema hapana, hapana, hapana, mpaka karibu na kitovu nikasema ndiyo. Akaniambia wazi, na namshukuru: kuna kitu inafinya uti wa mgongo, na bila kujua ni nini na iko wapi, hawezi kuanza matibabu ya kubahatisha. Ikiendelea kufinya, miguu hizi hazitarudi. Leo anataka picha mbili, ya chali na ya ubavu. Kwa ile ya ubavu ndiyo ataona.

Kwa eksirei ya huko alikuwa mama mmoja, mfupi, mwenye sauti ya kuuza sokoni. Wote walimwita Madam. Alinivua kila kitu yeye mwenyewe, mshipi akauning'iniza kwa msumari. Nikamwambia huyo simba ameshapigwa picha, anajulikana Migori. Akataka kujua. Nikamhadithia. Hakucheka. Alichukua mkono wake akauweka kati ya taa na ukuta.

"Unaona kivuli? Hii mashine ni hivyo. Si kamera. Inapita ndani yako, na kila kitu iko njiani inabaki kwa filamu. Mfupa inazuia sana, inatoka nyeupe. Nyama inazuia kidogo. Hewa haizuii kitu, inatoka nyeusi. Chuma inazuia yote. Chuma iwe mbele, iwe nyuma, kwa picha zinalala pamoja. Mshipi wako na mfupa wako zililala pamoja."

Kisha akasogeza mkono karibu na ukuta, kivuli kikawa na kingo kali. Akaurudisha kwa taa, kikawa kikubwa na chenye ukungu. Ndiyo maana, akasema, lazima nilale nimekaribiana na filamu, hata kama inauma. Nikasema haiumi, hakuna mtu nyumbani huko chini.

Picha ya chali ilitoka. Ya ubavu ndiyo ilikuwa vita. Kwa ubavu mwili ni mnene, mwanga lazima ukae kidogo zaidi kabla filamu haijaiva, na mashine yake ilikuwa ya zamani. Nilimwelewa haraka kwa sababu ni kama majani yetu. Moto kidogo, jani linabaki bichi. Moto mwingi, linakuwa mkaa. Katikati hapo ndiyo kazi. Akanilaza ubavu, akaweka mito, akaenda nyuma ya ukuta wake. Mashine ikalia na miguu zangu zikaruka.

Alitoka chumba cha giza na filamu inadondosha maji, akanionyesha. Ilikuwa kama mtu amepita mbio. Mgongo wangu ulikuwa na ndugu yake nyuma yake. Akasema hiyo haisomeki, na filamu kubwa za ukubwa huo imebaki moja mpaka gari lije na zingine, na hajui gari linakuja lini. Lazima mtu anishike.

Yeye hawezi, kwa sababu akishika kila mgonjwa kila siku, atamaliza mwili wake kwa mwanga huo. Akaenda kwa benchi kuita mtu wangu. Akinyi akasimama, Madam akaona tumbo, akamwambia akae chini, tena akae mbali. Mtu wangu mwingine benchini alikuwa mama mkwe tu.

Nilisikia Kijaluo, kirefu. Nilijua wanachosema bila kujua neno. Madam anasema njoo, mama mkwe anasema huyo ni mkwe wangu, yuko uchi. Madam anasema nimemfunika shuka. Mama mkwe anasema shuka. Kisha Madam akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya benchi yote, kama bado anazaa. Benchi yote ikacheka na mama mkwe akacheka pia, na nafikiri hicho kicheko ndicho kilimsimamisha.

Aliingia akitembea kinyumenyume.

Madam akamvika ile aproni nzito ya risasi, madini yenye kuzuia huo mwanga, magoti yakakunjika kwa uzito. Glavu ya risasi ilikuwa moja, ikaenda mkono wa kushoto. Akaambiwa asimame huku, ashike goti na mapaja, abane, asiachilie. Alisimama hapo amegeuza shingo mpaka nikaogopa itavunjika, macho amefunga. Hakushika. Madam nyuma ya ukuta anangoja. Mimi nimelala ubavu naangalia simba kwa msumari.

Akasema polepole, "Baba Boke."

"Mama."

"Hii mguu yako inasikia?"

"Haisikii, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kaa la moto haikusikia."

Akafikiria. "Basi si yako. Hakuna mtu nimegusa."

Akashika. Sikuhisi mkono. Najua alishika kwa sababu miguu ilitaka kuruka na haikuruka. Mara moja ilimshinda nguvu kidogo, nikaona kivuli chake kikisogea juu, kisha kitanda kikatulia chote. Madam akasema usipumue. Sikupumua. Nasikia na mama mkwe hakupumua.

Ile picha ilikuwa safi. Daktari aliiweka kwa kisanduku chenye taa, na hata mimi wa kidato cha pili niliona. Mifupa imepangwa kama vibiriti juu ya vibiriti, vizuri, vizuri, halafu pale juu ya mshipi, mfupa mmoja umeliwa mbele, umekunjika, umeangukia mwenzake. Palepale simba alikuwa amelala. Daktari akasema TB, imekaa kwa mgongo, anaijua, inatibika. Miguu alisema hawezi kuniahidi. Tungoje.

Akinyi alilia kwenye korido. Mimi niliuliza kama kuna chai.

Sitakusumbua na dawa. Sindano ilikuja kila asubuhi, tako na bega vikabadilishana zamu, bega nilisikia na tako sikusikia, nikaomba wachome lile lisilosikia, sista akakataa akasema lazima haki itendeke. Vidonge vilifanya mkojo kuwa rangi ya soda ya machungwa. Walinifunga plasta ngumu kutoka kwapa mpaka nyonga, nikawa kobe. Mgongo ulibaki na nundu kidogo na mimi ni mfupi kuliko nilivyokuwa. Chacha sasa ananizidi, amefurahi sana. Sindano ziliisha kiangazi. Mtoto alizaliwa, nikaletewa nimwone, nikamweka juu ya plasta, akailowesha. Nikasema tumelingana.

Mama mkwe alikuja kila siku ya soko na mchuzi wa samaki. Alirudi kwa adabu yake. Alimpa sista chakula, halafu anaketi nje chini ya dirisha la wodi, amenipa mgongo, na tunaongea hivyo, yeye anaongea na miti, mimi naongea na dari. Ananiambia bei ya omena. Ananiambia watu wa Sori wamesema nini. Siku moja akaniambia wakina mama wa kwao wamemuuliza kama ni kweli alimshika mkwe. Akawaambia alishika kuni.

Madam alikuwa anapita wodini na filamu zake akinifundisha nikitaka nisitake. Kwa chumba chake zilining'inia zikikauka kama majani yetu ya tumbaku kwa fito. Nilikuwa naangalia za wengine dirishani nasema hii imechomwa, hii ni bichi, huyu alikohoa, huyu ameacha sarafu mfukoni. Nilikuwa sijui ugonjwa hata mmoja. Nilijua tu picha ambayo mtu alitulia na ambayo hakutulia. Wagonjwa wapya walipoitwa, niliwapigia kelele kutoka kitandani: vua shanga, vua sidiria, toa pini, fungua nywele zenye uzi, na ukiambiwa usipumue, usipumue kweli. Kuna mama mmoja alinipa shanga zake nimtunzie. Nilizivaa shingoni mpaka akarudi.

Kitu ilirudi kwanza ni muwasho. Ndani ya plasta, nyonga ya kulia, muwasho mbaya, na sikuweza kuufikia. Nilikuna plasta siku nzima kama mjinga. Sista akaniuliza kwa nini nalia. Nikasema kunawasha. Akaenda mbio kuita daktari. Hapo ndipo nilijua kumbe nilikuwa nalia.

Miguu ilirudi kama wageni wenye haya, mmoja baada ya mwingine, kwa msimu mzima wa mvua. Kwanza kidole. Kisha kukaa. Kisha kusimama nimeshika kitanda, jasho kama ya shambani. Wengine wodini zao hazikurudi. Hilo nakuambia kwa sababu nitakuwa mwongo nikiliacha. Sijui kwa nini yangu.

Nilitoka na picha zangu kwa bahasha kubwa. Huko Sori, kwa mama mkwe, tulipopita kusalimia kabla ya kupanda kwenda kwetu, Akinyi alizitoa akaziinua juani. Madam alikuwa ameniambia: sehemu nyeusi ya filamu si tupu, imechomwa tu, ukitafuta mwanga mkali nyuma yake utaona kitu. Kwa kisanduku cha daktari hatukuwa tumeona. Kwa jua la Sori ilionekana. Pembeni, juu ya nyonga yangu, duara nyeupe kabisa, chuma. Na ndani ya weusi, hafifu kama moshi, vidole vinne vimebana.

"Hii bangili ni ya nani?" Akinyi akauliza.

Mama yake alikuwa ameketi upande ule mwingine wa nyumba, ametupa mgongo, anachambua omena. Nikaona mkono wa kulia unaingia polepole ndani ya leso aliyojifunga.

Nikasema ni ya hospitali.

Akinyi akaangalia picha, akaangalia leso, akairudisha filamu kwa bahasha. Nikashika fimbo yangu nikatembea kuvuka uwanja, hatua zangu za kobe, nimuage mama mkwe kwa mbali kama inavyotakiwa. Alinisikia nakuja. Hakugeuka.

"Baba Boke."

"Mama."

"Hiyo mguu inasikia sasa?"

"Inasikia, mama. Hata kijiwe inasikia."

Akaendelea kuchambua. Nikaona mabega yake yanatikisika, sijui ni kucheka ama ni nini.

"Basi simama hapo hapo," akasema. "Usinikaribie."